Matanga ya Perege

Harufu ya samaki walioozea ufukweni naijua kuliko ninavyolijua jina la babu yangu mzaa baba. Miaka ile ya vijiji vya ujamaa harufu hiyo ilitoka kijijini kwetu, kando ya ziwa Kitangiri, ikapanda milima ya Iramba bila kuomba ruhusa kwa mtu, ikafika Kiomboi mjini, ikakaa barazani na kuagiza chai. Mbwa wetu, ambao kwa njaa walikuwa wakila hata sabuni, walilipita lile lundo kwa mbali, wameinamisha vichwa kama watu wanaokwepa kudaiwa. Nacheka ninapoyasimulia haya kwa sababu ndivyo nilivyoumbwa. Msomaji asidanganyike na kicheko. Nina hasira. Nilikuwa nayo siku zile, nimezeeka nayo, na meno yamenitoka yote lakini yenyewe bado iko kinywani.

Mimi ni mtu wa Sepuka, nchi ya uwele na ng'ombe, ambako maji mengi kuliko yote niliyoyaona utotoni yalikuwa ndani ya mtungi wa bibi. Dada yangu mkubwa aliolewa Iramba, kando ya ziwa, na mumewe alipofariki nikaenda kumsaidia kidogo mpaka matanga yaishe. Nilikwenda na shati moja. Nikakaa miaka. Huko ndiko nilikosoma: jioni, baada ya kazi za kijiji, katika darasa la watu wazima, nimekalia tofali katikati ya wazee waliokoroma kwa sauti kubwa kuliko ya mwalimu. Nilihitimu wa kwanza, na asiyeamini akawaulize waliokuwa wamelala.

Marehemu shemeji yangu hakuacha ng'ombe. Aliacha migono. Mgono ni mtego uliosukwa kwa fito, mpana mdomoni, mwembamba mkiani; samaki kuingia anajua, kutoka hajui. Dada aliitega mahali tulipopaita Mateteni, ghuba ndogo yenye maji ya kiunoni, imezungukwa na matete marefu kiasi kwamba twiga angepotea humo akalia kumwita mama yake. Chini kulikuwa na mchanga laini, na perege walichimba viota vyao hapo, vishimo vya mviringo kama sahani zilizopangwa harusini.

Kila asubuhi dada alijifunga kaniki, akaingia majini, akainua mgono na kutia mkono ndani. Wakubwa aliwatia kapuni. Wadogo aliwarudisha. Na jike lililobeba mayai au watoto mdomoni alilirudisha hata liwe kubwa kama mlango wa zizi. Siku ya kwanza nilipoona amelirudisha perege la namna hiyo nilipiga kelele.

"Dada! Umetupa mboga!"

"Sijatupa mboga. Nimemwachia mama wa mboga aende zake," alisema bila kunitazama. "Kwani kwetu tulichinja mtamba?"

"Samaki si ng'ombe."

"Ndiyo, si ng'ombe, maana ng'ombe ungemchunga wewe mwenyewe na usingepiga kelele hizo. Unawafukuza hata hao niliobakiza."

Kutokana na ghuba ile watoto wa dada walikula. Samaki wake wa kukaushwa walibadilishwa kwa uwele wa watu wa milimani, na uwele ule ndio uliotuvusha miezi ya njaa, pale ghala linapobaki na panya mmoja mwenye huzuni. Hakuwa na shamba la kutosha, hakuwa na mifugo, hakuwa na mume. Alikuwa na Mateteni. Hilo nataka likumbukwe, kwa sababu wakubwa wa kijiji walilisahau kila waliposimama kuhutubia.

Basi tukakusanywa. Watu walishushwa kutoka milimani na mbugani, wakapangwa kwenye mistari ya nyumba kando ya ziwa, wengi wao hawajawahi kuona maji yasiyo na upande wa pili. Tukaambiwa kijiji hiki kitakuwa cha uvuvi. Mwenyekiti aliyechaguliwa alikuwa binamu wa marehemu shemeji yangu, mtu mchapakazi, na haki yake nampa: hakuna aliyelima uwele kama yeye katika Iramba yote. Shamba lake ungelitazama ukadhani limechanwa na kitana. Lakini ziwa hakulijua. Alikuwa hanawi humo hata miguu.

Bwana Samaki wa wilaya alikuja siku moja na kokoro, ule wavu mrefu unaozungushwa majini kisha ukavutwa ufukweni kwa kamba mbili, na wanaume wamejipanga huku na huku kama mashindano ya kuvuta. Ukishika ncha moja Kitangiri, nakuapia, ncha ya pili ilikuwa inapokea salamu za asubuhi Tabora. Bwana Samaki akatuonyesha mfuko wa katikati, akapitisha vidole kwenye matundu yake na kusema, "Matundu haya yaacheni hivi hivi." Akapanda gari akaondoka, na vumbi lake likatua kabla maneno yake hayajatua.

Siku ya kwanza ya kuvuta, Mwenyekiti alisimama ufukweni akaona samaki wadogo wanapenya kwenye matundu na kurudi ziwani. Sijawahi kuona mtu akiumia vile. Alishika kichwa kwa mikono miwili. Alikuwa na uso ule ule wa mkulima anayewaona kwelea wametua katika uwele wake.

"Mnaona?" alituuliza. "Mnaona mavuno yanavyokimbia?"

"Tunaona, Ndugu Mwenyekiti!"

"Mkivuna uwele, mnaacha masuke shambani?"

"Hatuachi!"

"Kwa nini?"

"Ndege watakula!"

"Basi."

Hapo ndipo tulipoharibu. Watu wa nchi kavu tulilitazama ziwa, tukaliona shamba. Tulidhani kilichomo kimeiva chote kwa pamoja na kwamba kitakachobaki ni hasara. Jioni ile ile vyandarua vililetwa, vikashonwa ndani ya mfuko wa kokoro, na matundu yakabaki madogo hata mbu angelazimika kuingia kwa ubavu. Watu wakapiga makofi.

Nilivuta kamba ile kama wengine; kazi ya kijiji haikuwa ya kuchagua. Kokoro lilikwangua chini kama sufuria linavyokwanguliwa ukoko. Lilikuja na viota, matope, majani ya maji, kobe, bata maji waliokwisha kufa kwa kukosa hewa, na katikati yao perege wadogo kama kucha za mtoto, wamejaa, wanang'aa. Majike waliokuwa wamewaficha watoto wao mdomoni waliwatema hapo hapo mchangani. Mtu ambaye hajaona samaki akitema watoto wake kwenye mchanga wa moto asiniambie kuwa samaki hana akili. Anafanya anachoweza, anawatoa mdomoni ili wakimbie. Na pa kukimbilia hamna.

Lengo la kijiji lilikuwa limewekwa kwa matenga. Kila juma matenga kadhaa yapakiwe kwenye lori, yapelekwe Singida mjini. Hakuna aliyeuliza ndani ya tenga kuna nini. Tenga la vifaranga linajaa haraka kuliko tenga la samaki wakubwa, kwa hiyo tukawa mashujaa. Tukatajwa. Kijiji chetu kilisifiwa mpaka nikadhani tutapewa bendera yetu wenyewe.

Kisha mvua ikanyesha, na udongo mweusi wa mbugani ukageuka ugali. Lori likakwama njiani. Chumvi ilikuwa haipatikani dukani, na kuni kavu hazikuwepo hata za kuchemshia uji, achilia mbali za kukaushia mlima wa samaki. Matenga yakakaa. Siku ya pili yakaanza kutoa maji meusi. Siku ya tatu harufu ikaanza ile safari yake ya Kiomboi niliyoieleza. Na sisi, asubuhi, baragumu likapigwa, tukaenda kuvuta tena! Nilimuuliza Mwenyekiti, kwa heshima zote, tunavuta wa nini wakati wa jana wanaoza.

"Shemeji," aliniambia, maana kwa upande wa dada yangu ndivyo tulivyoitana, "wewe darasa la jioni limekuchanganya. Lengo letu ni matenga. Lori ni lengo la watu wa lori."

Nimeyatafakari maneno yale miaka mingi. Bado nikiyakumbuka naweza kuuma kiti.

Tulimwaga samaki wale kwa majembe. Watoto wa kijiji walikuwa na njaa, na sisi tulikuwa tunatupa chakula kwa majembe. Dada yangu alisimama kando, amejifunga kaniki yake. Aliokota perege mmoja mdogo, akamweka kiganjani, akamtazama, akamrudisha kwenye lundo.

Haukupita msimu, ziwa mbele ya kijiji likawa tupu. Tulivuta kokoro asubuhi nzima tukapata matope na kobe mmoja mzee aliyetutazama kwa dharau. Matenga hayakujaa. Sifa zikakoma. Mwenyekiti akawa hali vizuri, halali vizuri, akaanza kutembea kando ya maji akichungulia. Mwisho macho yake yakatua Mateteni.

Alikuja nyumbani jioni, tukiwa tunakula. Dada alimkaribisha kiti, akamwekea maji ya kunawa.

"Shemeji, sikai," alisema. "Nimekuja kukuarifu. Baada ya gulio tunavuta Mateteni. Ondoa migono yako isije ikakatika."

Dada hakuacha kumchambulia mtoto wake mdogo miiba ya samaki. "Mateteni ndimo wanamozaliwa, shemeji. Ukipavuta hapo hakuna atakayezaliwa tena. Nitalisha nini hawa?"

"Kijiji kitawalisha."

"Kijiji kilimwaga samaki kwa majembe juzi, na hawa walilala na uji wa chumvi. Tena chumvi yenyewe ilikuwa ya kuazima."

"Shemeji, ziwa ni la wote. Huo ndio ujamaa. Mtu mmoja hawezi kujitengea."

"La wote," dada alisema. "Na watu wa mwakani hawamo katika hao wote?"

Mwenyekiti akacheka kwa taabu. Akanigeukia. "Msomi, mwelimishe dada yako."

"Nilikuwa nasubiri yeye akuelimishe wewe, shemeji," nilisema, "nione kama unafundishika." Dada akanikanyaga mguu chini ya mkeka. Mwenyekiti akaondoka bila kuaga, na kwa watu wa kule kuondoka bila kuaga ni sawa na kutemea chungu mate.

Ukaitishwa mkutano. Dada alisimama, jambo ambalo wanawake wengi hawakulifanya, akasema lugha ambayo kila mfugaji pale aliielewa. Alisema majirani zetu Wasukuma wana ngitiri, sehemu ya malisho inayofungwa mvua zote isiguswe, ili kiangazi ng'ombe wapate pa kushika uhai. Tuifanye Mateteni ngitiri ya samaki. Yeye mwenyewe atapunguza migono. Niliona vichwa vya wazee vikitikisika kwa kukubali.

Mwenyekiti hakuwa mjinga. Alisubiri minong'ono itulie. "Ngitiri ina mwenyewe na fimbo," alisema. "Samaki hafungwi kamba. Ukimwacha hapa leo, kesho amekwenda ng'ambo, na wa ng'ambo hawatamwuliza ametoka wapi. Sisi tutalala njaa, wao washibe kwa adabu zetu. Mnataka hivyo?"

"Hatutaki!"

Mikono ya kuivuta Mateteni ikanyoshwa. Yaani mikono ya wanaume. Wanawake nao walinyosha yao ya kukataa, mingi, lakini Katibu aliyehesabu alitupa macho upande wetu tu, kana kwamba kule kwingine kulikuwa na matawi ya miti yanayopepea. Mateteni ikahukumiwa. Nilisimama nikapiga kelele kuhusu mikono isiyohesabiwa, mtu mmoja nyuma akaniambia, "Kaa chini, shemeji, hapa si Sepuka." Watu wakacheka. Nikakaa, mimi ambaye ulimi wangu ungeweza kuuza maji kwa samaki.

Siku ikafika. Tulikwenda Mateteni tumebeba kokoro mabegani kama chatu mgonjwa. Mwenyekiti alikuwa nyuma, anasukuma baiskeli kwenye tope. Tulipopita matete ya kwanza tukasimama wote kwa pamoja.

Wanawake walikuwa wamekaa chini ufukweni, miguu wameinyosha mbele, vichwa wamefunika kwa kanga. Katikati yao udongo ulikuwa umefukuliwa na kufukiwa, kituta kibichi, kimewekewa jiwe kichwani. Dada yangu alikaa karibu na kituta, na kando yake alikaa shangazi yake Mwenyekiti, bibi mkavu aliyemlea Mwenyekiti tangu akinyonya, ambaye hata mvua ilimwamkia kabla ya kunyesha.

Kwetu, Mnyaturu au Mnyiramba, Mkristo au Mwislamu, ukiwakuta watu wamekaa hivyo huulizi. Mwili wenyewe unajua la kufanya. Tuliweka kokoro chini taratibu. Tukavua kofia. Mwenyekiti akafika, akaona, akaegesha baiskeli, akavua kofia yake na kusogea ameinama.

"Poleni," alisema kwa sauti ya chini. "Poleni sana, jamani."

"Tumeshapoa," wanawake wakaitikia.

"Shikamoo, shangazi."

"Marahaba."

Akakaa chini, mchangani, kwenye tope. Sisi sote tukakaa nyuma yake. Kisha akauliza, "Nani katutoka?"

"Watoto," alisema dada.

Mwenyekiti akafunika uso kwa kofia. "Lo! Wa nani?"

"Wa kwetu hapa. Wengi."

"Wengi! Na mimi sikuambiwa? Ugonjwa gani?"

"Chandarua," alisema dada.

Ilichukua muda. Niliona kofia ikishuka polepole, jicho moja likatokea, likatazama kituta, likatazama jiwe, likatazama mikia midogo mikavu iliyotokeza kwenye udongo pale walipofukia vibaya. Ndipo akajua. Walikuwa wamezika mabaki ya samaki wadogo wa lile lundo tulilolimwaga kwa majembe. Akaruka.

"Mnanichezea! Mnachezea msiba!"

"Kaa chini," alisema shangazi yake.

"Shangazi, hawa ni samaki!"

"Nimewazika mwenyewe, nawajua ni nini. Kaa. Umeshatoa pole na umeshakaa. Tangu lini mtu akatoa pole msibani, akainuka, akashika kazi kabla matanga hayajaondolewa? Nilikulea hivyo?"

Wenye kuijua desturi yetu wanajua alivyokwama. Msiba ukiwa umekaa, jembe halishikwi. Angesimama akavuta kokoro mbele ya macho yetu, angekuwa mtu aliyeruka kaburi alilokwisha kulipa pole. Na asingepata mtu wa kushika kamba. Wanaume walikuwa wamekaa, na katika nyuso zao niliona wamekaa kwa raha. Hapana, si raha. Aibu. Kila mtu alikuwa anakitazama kile kituta na kukumbuka majembe.

Mwenyekiti akanitazama mimi. "Wewe ndiye uliyewafundisha haya."

"Shemeji, ningekuwa nimefundisha mimi, kungekuwa na hotuba," nilisema. Na ilikuwa kweli. Nilikuwa sijui kitu. Dada hakuniambia kwa kuwa siri kwangu ilikaa kama maji kwenye tenga.

Hapo ndipo tuliposikia lori. Lilikuwa limetoka topeni hatimaye, na dereva wake, Msukuma mnene mwenye kicheko cha radi, akaja kwa miguu kutuuliza matenga yako wapi. Alipowaona wanawake akasimama. Kisha akaona mikia. Akatutazama mmoja mmoja. Na huyu, kwa Usukuma wake, alikuwa mtani wetu. Na mtani akifika msibani, kila mtu anajua, anapewa njia ya kutania.

Alijitupa juu ya kituta kama gunia la pamba.

"Uwiii! Wanangu! Wameniacha! Ningewala mkiwa wakubwa!" Akajigaragaza. "Nani kawaua kabla hawajanona? Mtu gani mwenye roho ya kula mayai na kuku asubuhi moja? Ni huyu?" Akamnyoshea kidole Mwenyekiti. "Ni wewe? Mbona umenona wewe na wao hawakunona?"

Wanawake walikuwa wanatetemeka chini ya kanga, na sikuweza kujua kama ni kilio. Mwenyekiti alikuwa amekaza taya. Kumkasirikia mtani msibani huwezi. Ukikasirika umejitukana mwenyewe.

"Sasa mimi mtani nachukua changu," alisema dereva. Hiyo nayo ni haki ya mtani: hunyakua kitu cha wafiwa, na hakirudi mpaka akombolewe. Watu hudhani atachukua kuku au chungu. Yeye alikwenda kwenye kokoro, akachomoa kisu kiunoni, akakata chandarua chote kutoka ndani ya mfuko, mshono baada ya mshono, akajitanda kichwani kama bibi harusi. Nikacheka mpaka nikalala chali. Lakini nilimwona dada. Hakuwa anacheka. Alikuwa anakitazama kile kisu kama mtu anayetazama mwiba ukitolewa kwenye mguu wa mtoto wake.

"Kirudishe," alisema Mwenyekiti.

"Nikomboe."

"Unataka nini?"

Dereva akafikiri, au akajifanya anafikiri. "Tenga moja la perege. Lakini kila perege awe mrefu kama mkono wangu, kutoka hapa hadi hapa." Akaonyesha kutoka kiwiko hadi ncha za vidole. "Na usiwatoe humu kwa wafiwa. Watoke kule mbele ya kijiji, kwenye shamba lako."

Hata wale waliokuwa wanacheka waliacha. Kule mbele ya kijiji hapakuwa na perege mrefu hata kama kidole gumba, na kilichowamaliza ni kile kile kilichokuwa kichwani mwa mtani.

Lori likaondoka na chandarua chetu. Nasikia kilimkinga dereva na mbu mpaka kikachakaa, kazi kiliyoumbiwa. Dada aliulizwa siku ile, na siku zilizofuata, lini ataondoa matanga, na kila mara alisema wafiwa bado wana uchungu. Hakuna aliyevuta Mateteni. Kokoro lilirudi kwenye matundu yake ya mwanzo, kwa kuwa hakuna aliyethubutu kulishonea chandarua kingine na kumdhulumu mtani ukombozi wake. Migono ya dada ilikaa. Watoto wake walikula.

Ningemaliza hapo kama ningekuwa mtu mwema. Siwezi, kwa sababu hasira yangu ilikuwa haijapata chakula chake kizuri kabisa. Samaki waliporudi, wageni walikuja kutoka wilayani kuona. Mwenyekiti aliwatembeza Mateteni, akawaeleza kwa mkono ulionyoshwa kwamba kijiji, chini ya uongozi wake, kimefunga ghuba hii iwe ngitiri ya samaki. Ngitiri! Neno la dada yangu, aliloliua yeye mwenyewe kwa "Hatutaki!", sasa limevaa koti. Mmoja wa wageni akaandika. Nilifungua kinywa. Dada, aliyekuwa amebeba sufuria la mboga ya wageni, alinipita akasema kwa Kinyaturu, polepole, asisikie mtu mwingine, kwamba mtu akishajisifia kitu hakivunji. Niufunge mdomo wangu. Nikaufunga. Sijui kama nimewahi kubeba mzigo mzito kuliko mdomo ule.

Chakula kikaandaliwa nyumbani kwa Mwenyekiti. Perege walikuwa wakubwa, wanatoka nje ya sahani pande zote mbili, na nadhani mmoja alihitaji kiti chake mwenyewe. Mgeni mkubwa kati ya wale alikula tumbo, akachokonoa ubavu, akasukuma sahani. Kichwa kizima na mgongo vilibaki. Akanyosha mikono anawishwe.

Dada alikuwa ameshika birika. Hakumimina.

"Mgeni, huyu hujammaliza."

"Nimeshiba, mama. Asante sana."

"Sikuuliza kushiba," alisema dada.

Mgeni alimtazama, akamtazama Mwenyekiti, akingoja mwenyeji amrudishe mwanamke huyu jikoni. Mimi nilikuwa mlangoni, na nakiri nilikuwa tayari kupigana na wilaya nzima, tarafa moja baada ya nyingine. Mwenyekiti alitazama mikono yake. Kisha akaivuta ile sahani mbele yake, akavunja kichwa cha yule perege katikati kama tulivyozoea, akaanza kula. Alikula macho. Alikula mashavu. Alifyonza mifupa mmoja mmoja na kuipanga ukingoni mwa sahani, na dada yangu alisimama pale na birika lake, hakusogea, mpaka alipomaliza.